Mlima Asubuhi Moja, Ziwa Asubuhi Nyingine: Somo kwa Wanaotembelea Longonot na Naivasha

Likizo za shule zinapowadia, barabara ya Mai Mahiu hadi Naivasha hujaa mabasi ya shule, makanisa, vyama na vikundi vya vijana. Mpango wa wengi hufanana: kupanda Mlima Longonot asubuhi, kupita Hell's Gate mchana, kuingia ziwani jioni, kisha kurudi nyumbani usiku. Kwenye karatasi mpango huo ni nafuu, kwa kuwa gari hukodiwa siku moja tu. Lakini wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na msafiri huyu anashika tatu.

Somo hili lina jambo moja kuu ambalo kila mkazi anayepanga safari, na kila mkazi anayepokea wageni, anafaa kulijua. Mlima, korongo na ziwa vyote vinataka asubuhi, na siku moja ina asubuhi moja tu. Anayefika mlimani akiwa amechelewa hukutana na jua kali bila maji. Anayeingia korongoni alasiri ya msimu wa mvua huenda akakutana na mafuriko. Anayeingia ziwani jioni hukutana na upepo, kisha viboko wanaojiandaa kutoka majini kwenda malishoni.

Eneo lenyewe

Mlima Longonot ni volkeno iliyo kusini mashariki mwa Ziwa Naivasha, katika sakafu ya Bonde la Ufa. Kilele chake kina urefu wa mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Jina lake limetokana na Kimaasai, na maana yake ni mlima wenye migongo mingi. Anayeutazama kutoka barabarani huona kwa nini uliitwa hivyo, kwa sababu mbavu zake zimechimbwa na maji ya mvua kwa miaka mingi hadi zikawa matuta na makorongo. Juu kuna kasoko, yaani shimo kubwa lililoachwa mdomoni mwa volkeno, na ndani yake umeota msitu. Eneo hilo lilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1983.

Ziwa Naivasha nalo liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Maji yake hutoka zaidi katika mito ya Malewa na Gilgil. Ziwa halina mto unaotoka, lakini maji yake si ya chumvi kwa kuwa mengine hupenya chini ya ardhi. Mwaka wa 1995 liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Jina lake pia ni la Kimaasai, nalo humaanisha maji yanayochafuka. Wazee waliolipa jina hilo walikuwa wameliona ziwa mchana.

Kati ya mlima na ziwa iko Hell's Gate, mbuga iliyoanzishwa mwaka wa 1984. Ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambamo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na swara. Humo ndimo lilimo korongo la Ol Njorowa.

Mbuga hizo mbili zinasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Vyombo vya majini hukaguliwa na kupewa leseni na Mamlaka ya Safari za Majini (KMA). Mkazi mwenye swali au malalamiko kuhusu mbuga au mashua atasaidika haraka akianzia mahali panapohusika.

Kwa nini ziwa hubadilika mchana

Mtu anayefika ufuoni saa 1 asubuhi hukuta maji yametulia kama kioo. Anaporudi saa 9 alasiri hukuta mawimbi yanapiga mashua ubavuni. Maji ni yale yale, ila hewa imebadilika.

Usiku, nchi kavu na ziwa hupoa, na hewa hutulia. Jua likishapanda, udongo wa bonde hupata joto haraka kuliko maji. Hewa iliyo juu ya udongo huo huwa nyepesi na kupaa. Hewa yenye ubaridi kutoka ziwani na kutoka nyanda za juu zinazolizunguka bonde huja kujaza nafasi iliyoachwa. Mwendo huo wa hewa ndio upepo. Kadiri jua linavyozidi kuwaka ndivyo upepo unavyoongezeka, na kwa kawaida huwa mkali zaidi kuanzia adhuhuri hadi jioni.

Jambo la pili ni kina. Sehemu kubwa ya Ziwa Naivasha haina kina kirefu. Sehemu ya kina zaidi iko karibu na Kisiwa cha Crescent, ambacho ni ukingo wa kasoko ya kale iliyofunikwa na maji. Katika maji mafupi mawimbi huwa mafupi pia, yaliyosimama wima na kufuatana kwa karibu. Mashua ndogo haipati nafasi ya kupanda wimbi moja na kushuka kabla ya jingine kuipiga. Kwa hiyo mtu asidanganyike akidhani kwamba ziwa lisilo na kina haliwezi kuua. Ni wepesi wake wa kuchafuka unaolifanya kuwa hatari.

Jambo la tatu ni mimea. Magugumaji huelea kama visiwa na husukumwa na upepo. Njia iliyokuwa wazi asubuhi inaweza kuzibwa mchana, na mashua ikanaswa mbali na ufuo. Tena, ziwa limepanda sana katika miaka ya karibuni na kufunika mashamba, ua na miti ya migunga. Visiki na nguzo za ua sasa vimejificha chini ya maji karibu na kingo. Mtumbwi mwepesi ukigonga kisiki kwa kasi huweza kutoboka au kupinduka.

Mlimani: hesabu ya muda na maji

Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko ni karibu kilomita 3 za kupanda. Mzunguko wa ukingo wote ni zaidi ya kilomita 7. Anayekwenda, kuzunguka na kurudi hutembea karibu kilomita 13 kwa jumla. Lango liko karibu mita 2,150 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo anayefika kileleni hupanda zaidi ya mita 600.

Kwa mtu mwenye afya ya kawaida hesabu ya muda ni kama ifuatavyo. Kupanda hadi ukingoni huchukua saa moja hadi moja na nusu. Kuzunguka ukingo huchukua karibu saa tatu, kwa sababu njia hupanda na kushuka, na sehemu ya kufikia kilele ni ya mwinuko mkali. Kushuka kutoka ukingoni hadi langoni huchukua karibu saa moja. Anayeondoka langoni saa 1 asubuhi atakuwa amerudi kati ya saa 6 na saa 7 mchana. Anayeondoka saa 4 asubuhi atakuwa juu ya ukingo usio na kivuli jua likiwa utosini.

Mlimani hakuna maji, wala kisima wala kijito. Kanuni rahisi ni nusu lita kwa kila saa ya kutembea. Safari nzima ya saa sita inahitaji lita 3 kwa kila mtu. Kikundi cha watu 20 kinahitaji lita 60, na ndiyo maana kila mmoja hubeba yake badala ya kutegemea mkebe mmoja mkubwa unaobaki nyuma. Soda haichukui nafasi ya maji. Chumvi inayotoka na jasho hurudishwa kwa chakula cha kawaida: karanga, viazi vilivyochemshwa, mayai au ndizi.

Udongo wa Longonot ni majivu ya volkeno. Wakati wa kiangazi huwa vumbi linaloteleza chini ya kiatu kama unga, na mvua ikinyesha huwa tope. Watu wengi huteguka kifundo cha mguu wakati wa kushuka, si wakati wa kupanda, kwa sababu wamechoka na wanakimbia. Viatu vyenye soli ya meno vinafaa. Malapa na viatu vya kanisani havifai. Fimbo nayo husaidia sana magoti.

Kuna sheria moja ya mlimani inayookoa wengi, nayo ni sheria ya saa ya kurudi. Kabla ya kuondoka langoni, kikundi hukubaliana saa ambayo watageuka hata kama hawajafika kileleni. Kwa walioanza saa 1 asubuhi, saa 4 ni wakati mzuri wa kujiuliza. Kama wengi bado hawajafika hata nusu ya mzunguko na maji yamebaki chini ya nusu, wote hurudi kwa njia waliyokuja nayo. Kilele kitakuwepo mwezi ujao.

Radi ikisikika, ukingo si mahali pa kukaa. Mtu aliye juu ya ukingo mtupu ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu. Kikundi kishuke mara moja, bila kujikinga chini ya mti uliosimama peke yake.

Nyati huishi katika mbuga hii. Wasafiri wabaki njiani, watembee pamoja na wasiteremke kichakani kutafuta njia ya mkato. Hakuna mtu anayeruhusiwa kuteremka ndani ya kasoko bila idhini na askari wa mbuga.

Korongoni: mvua isiyoonekana

Korongo la Ol Njorowa ni jembamba na kuta zake ni ndefu. Mtu aliye ndani huona utepe tu wa mbingu. Hapo ndipo hatari ilipo. Mvua inaweza kunyesha kwenye vilima vya mbali huku juu ya korongo kukiwa na jua. Maji ya vilima vyote hivyo hukusanyika na kupita katika njia hiyo moja, na sakafu ya mchanga iliyokuwa kavu hugeuka mto kwa muda mfupi sana.

Jambo hili limetokea. Mwezi wa Aprili 2012, vijana 7 waliokuwa katika matembezi ya kanisa walifariki baada ya kusombwa na mafuriko ndani ya korongo. Mwezi wa Septemba 2019, watu 7 wengine, akiwemo mwongozaji wao, walifariki kwa namna hiyo hiyo. Tukio la pili halikutokea katika mwezi ambao watu huuhesabu kuwa wa mvua ndefu wala mvua fupi, na hilo ni funzo kwamba kalenda peke yake haitoshi.

Kwa hiyo, kabla ya kuingia, kiongozi wa kikundi huuliza maswali matatu langoni. Je, korongo limefunguliwa leo? Je, mvua imenyesha kwenye vilima tangu jana? Je, njia za kutokea ziko wapi? Mawingu meusi yakionekana upande wowote, kikundi hakiingii. Walio ndani wakisikia mngurumo usioeleweka, au wakiona maji madogo yamegeuka rangi na kubeba majani, hupanda juu kwenye njia ya karibu ya kutokea bila kusubiri mizigo wala picha. Hakuna mtu anayeshindana mbio na maji hayo kuelekea mdomo wa korongo.

Kikundi kilichokatazwa kuingia hakijapoteza siku. Sehemu ya juu ya Hell's Gate, yenye miamba na wanyama, hutosha kwa matembezi ya saa nyingi.

Ziwani: kabla ya kushika kasia

Watu huingia ziwani kwa njia mbili. Wengi hupanda mashua yenye injini inayoendeshwa na mwenyeji. Wengine, hasa vijana, siku hizi hupenda kupiga kasia wenyewe kwa kayaki au mtumbwi. Njia ya pili humleta mtu karibu zaidi na ndege na utulivu wa asubuhi, lakini pia humleta karibu na maji. Anayepiga kasia hana injini ya kumtoa kwenye upepo wala kwa kiboko, na kwa hiyo huandamana na mwenyeji anayelijua ziwa, ikiwezekana aliye kwenye mashua yenye injini.

Jaketi okozi huvaliwa nchi kavu kabla ya mguu kuingia chomboni. Haikaliwi kama mto wa kiti na haifungwi nusu. Njia ya kuipima ni rahisi: mtu mwingine huishika mabegani na kuivuta juu. Ikipanda hadi masikioni, ni kubwa mno au haijafungwa vizuri. Mtoto huvaa ya mtoto. Mwenye mashua asiye na jaketi ya kutosha kila abiria hana nafasi ya kubeba abiria huyo, na mkazi ana haki ya kushuka na kudai pesa zake.

Mambo mengine ya kuangalia ni machache: leseni ya chombo, idadi ya watu wanaoruhusiwa, chombo cha kukombea maji, kasia la akiba hata kwenye mashua yenye injini, na simu iliyofungwa ndani ya mfuko usioingiza maji. Nahodha aliyekunywa pombe hapandwi naye.

Baada ya hayo huja hesabu ya kasia. Mtu ambaye hajazoea huenda karibu kilomita 4 kwa saa maji yakiwa yametulia. Upepo wa mbele unaweza kupunguza mwendo huo hadi nusu. Tuseme kijana ameondoka ufuoni saa 4 asubuhi na kwenda kilomita 3. Amefika baada ya dakika 45, na anajiona hodari. Anapogeuka, upepo umeamka na unampiga usoni. Sasa anakwenda kilomita 2 kwa saa, na kurudi kunamchukua saa moja na nusu. Mikono imechoka, mawimbi yanakua, na maji ya kunywa yamekwisha.

Kanuni inayotokana na hesabu hiyo ni ya theluthi. Mpiga kasia hutumia theluthi moja ya muda wake kwenda, na huacha theluthi mbili za kurudi. Mwenye saa tatu hugeuka baada ya saa moja. Tena, kama upepo upo tangu mwanzo, huanza kwa kuukabili ili umsaidie wakati wa kurudi, akiwa amechoka. Wakati bora ni kuanzia saa 1 asubuhi, jua likiwa limeshachomoza na mwanga ukitosha kuona, hadi saa 4 asubuhi. Baada ya hapo huwa ni saa za kula samaki ufuoni.

Kiboko na mipaka yake

Kiboko dume huweza kuwa na uzito wa zaidi ya kilo 1,500, na nchi kavu hukimbia kuliko mtu. Mchana hukaa majini kuikinga ngozi yake dhidi ya jua. Jioni hutoka kwenda kula nyasi, na hurudi kabla ya mapambazuko. Ratiba hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini saa za jioni, usiku na alfajiri ni hatari kwenye kingo za ziwa, iwe ni kwa mgeni aliyepiga hema au kwa mkazi anayekwenda kutega nyavu.

Ardhini kanuni ni moja: mtu asisimame kati ya kiboko na maji. Kiboko aliyeshtuka hukimbilia majini kwa njia aliyojia, na chochote kilicho njiani hukanyagwa. Njia zake huonekana kama mitaro iliyolainishwa kwenye nyasi na mafunjo. Hema halipigwi hapo, na mtoto hachezi hapo.

Majini, dume hulinda eneo lake, na jike mwenye ndama ni mkali zaidi. Viboko hupenda maji mafupi karibu na mafunjo, na hapo ndipo wapiga kasia wengi hutaka kupita ili kuona ndege. Anayeona masikio na pua juu ya maji hujitenga mbali, akipita upande wa maji ya kina, asimzingire wala kumkatia njia. Kiboko akizama asionekane, msafiri haendi pale alipozama. Mapovu yanayosogea kuelekea chombo ni ishara ya kuondoka. Kiboko anayepanua kinywa hapigi miayo kwa usingizi, anatoa onyo. Picha nzuri ya kinywa hicho imewagharimu wengi.

Chombo kikipinduka

Chombo kinapopinduka, kosa kubwa ni kuogelea kuelekea ufuoni. Ufuo huonekana karibu kuliko ulivyo, na kati yake na msafiri kuna magugumaji yanayonasa miguu, pamoja na viboko. Hatua za kufuata ni nne.

1. Kila mtu hushika chombo na kubaki nacho. Mtumbwi au kayaki iliyopinduka huelea, na huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu.

2. Kiongozi huhesabu watu kwa sauti. Kila mmoja hujibu kwa jina.

3. Walio pamoja hukaribiana na kukumbatiana ili kutunza joto, watoto wakiwa katikati. Maji ya ziwa lililo juu hivi yana ubaridi, na mtu huchoka haraka.

4. Filimbi hupulizwa mara tatu, kisha kimya, kisha mara tatu tena. Kila jaketi ifungwe filimbi. Haigharimu pesa nyingi, na sauti yake hufika mahali ambapo kelele za mtu hazifiki.

Aliyetolewa majini bila kupumua huanza kusaidiwa papo hapo huku wengine wakipiga simu. Kumning'iniza kichwa chini ili maji yatoke hakumsaidii, na hupoteza dakika ambazo angepewa pumzi. Hata aliyezinduka hupelekwa hospitalini, kwa sababu maji yaliyoingia mapafuni huweza kumzidia saa kadhaa baadaye.

Ratiba ya siku mbili

Kikundi kinachotaka mlima na ziwa hakihitaji pesa maradufu, kinahitaji kulala usiku mmoja. Naivasha ina kambi na vyumba vya bei tofauti, na usiku huo huacha mapato kwa wenyeji.

Siku ya kwanza: kufika lango la Longonot kabla ya saa 1 asubuhi, kupanda, kurudi kabla ya saa 7 mchana, chakula, kisha kupumzika. Jioni hakuna kuingia ziwani. Watu hulala mapema.

Siku ya pili: kuwa ufuoni saa 12 na nusu asubuhi, maelezo ya usalama, kuingia majini saa 1, kutoka saa 4 asubuhi, kisha safari ya nyumbani mchana kweupe. Barabara ya Mai Mahiu yenyewe haifai kupitwa usiku na dereva aliyechoka.

Kikundi chenye siku moja tu huchagua kimoja, mlima au ziwa. Wanaotaka Hell's Gate huiwekea asubuhi yake pia.

Kabla ya kuondoka, majina ya wote, nambari ya gari, mahali watakapokuwa na saa ya kurudi huachwa kwa mtu aliyebaki nyumbani. Mtu huyo huagizwa apige simu kwa nani endapo saa hiyo itapita. Njiani, mwenye uzoefu mmoja hutangulia na mwingine hufunga mkia. Hakuna anayempita wa mbele, na hakuna anayebaki nyuma ya wa mwisho. Mwenye pumu, kisukari, shinikizo la damu au ujauzito humweleza kiongozi mapema, na dawa zake hubaki mfukoni mwake, si garini. Malipo ya mbuga za KWS hufanywa kwa mtandao wa eCitizen, na ni vyema yakamilishwe jana yake ili asubuhi isipotelee langoni.

Maswali ya kujipima

Walimu, viongozi wa vijana na wazazi wanaweza kuyatumia maswali haya kabla ya safari. Asiyeweza kujibu matatu kati ya matano asiongoze wengine.

1. Kwa nini upepo wa ziwa huongezeka mchana?

2. Watu 15 wanapanda Longonot kwa saa sita. Wanahitaji lita ngapi za maji?

3. Mpiga kasia ana saa moja na nusu. Anageuka baada ya dakika ngapi?

4. Juu ya korongo kuna jua, lakini mawingu meusi yako kwenye vilima vya mbali. Kikundi kifanye nini?

5. Mtumbwi umepinduka na ufuo unaonekana karibu. Walio majini wafanye nini?

*Majibu:* (1) Udongo hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupaa, na hewa yenye ubaridi huja kujaza nafasi. (2) Lita 45. (3) Dakika 30. (4) Kisiingie, walio ndani watoke. (5) Wabaki na chombo, wahesabiane, wakumbatiane na kupuliza filimbi.

Nambari za dharura: Polisi 999 au 112. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya 1199. Mkazi anayepiga simu ataje mahali kwa jina la ufuo, lango au sehemu ya njia, idadi ya walio hatarini, na abaki karibu na simu yake.